Umepewa au umeazimwa? Kuachia memori ya barua pepe kwenye C

Kwa miezi miwili programu yangu ilikuwa ikifa kila mwisho wa mwezi nami sina habari. Systemd, msimamizi wa programu kwenye Linux, ilikuwa inaifufua papo hapo, logi zinaendelea kama kawaida, mimi nimelala fofofo. Aliyegundua ni mhasibu wa mteja wetu, kampuni ya usafirishaji huko Eneo la Viwanda. Alinipigia asubuhi nikiwa kwenye matatu, Ngong Road imefunga kabisa: "Kaka, mbona ankara moja imeingia mara tatu?"

Programu yenyewe ni ndogo. Kuna kisanduku cha barua pepe ambacho wasambazaji hutumia kuleta ankara zao, nyingi zikiwa PDF za kuskani. Programu inachota ujumbe, inaufungua, inatoa kiambatisho, inakihifadhi na kuandika mstari mmoja kwenye kanzidata. Niliiandika kwa lugha ya C nikitumia GMime, maktaba ya kuchambua barua pepe ya Jeffrey Stedfast, yule yule aliyewaandikia watu wa .NET (jukwaa la Microsoft) MimeKit. Ukiniuliza kwa nini C, nitakwambia seva ya mteja ilikuwa na gigabaiti moja tu ya RAM. Ni kweli, lakini kweli zaidi ni kwamba nilitaka kujionyesha.

Nilipofika ofisini nikafungua dmesg, logi ya kerneli, na hapo ndipo nilipoona maiti. Kerneli ilikuwa imeishiwa memori ikachagua mchakato mnene kuliko yote, ambao ni wangu, ikauua. (Kamusi inataka niseme kumbukumbu. Sijawahi kumsikia fundi yeyote wa Nairobi akisema kumbukumbu ya seva imejaa, kwa hiyo memori.) Ilikuwa inauawa baada ya kuhifadhi ankara lakini kabla ya kuutia ujumbe alama kwamba umeshughulikiwa. Ikifufuka, inauchota tena ule ule. Ndiyo maana ya mara tatu.

Sasa, kabla sijaeleza nilivyohangaika, kuna swali moja ambalo ningelijua mapema lingeniokoa siku kadhaa. Kila kitu ambacho maktaba inakukabidhi, jiulize: nimepewa au nimeazimwa? Ukipewa, ni mzigo wako, utautua mwenyewe. Ukiazimwa, unatumia na kuacha pale pale, mwenyewe yupo. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, ila kwenye C matanga yanakuja hata ukilipa deni lisilo lako.

Kwa vitu vya GMime, ambavyo ni GObject (vitu vinavyohesabu wanaovishika), hesabu ya nani ameshika nini nilikuja kuielewa kupitia soja wa jengo letu. Ofisi yetu ni ya kuchangia, na mlangoni kuna daftari: unasaini ukiingia, unasaini ukitoka. Akiona kila aliyeingia ametoka, soja anazima swichi kuu na kufunga. Ijumaa moja mtu aliondoka bila kusaini. Soja akaona bado kuna mmoja ndani, akaacha stima. Jumatatu tulikuta tokeni zimeisha na friji ya maziwa inanuka. Siku nyingine dada mmoja, kwa wema tu, alimsainia mwenzake aliyekuwa msalani. Soja akafunga. Jamaa akabaki gizani anagonga mlango, na soja anamwambia kupitia dirishani, "Kijana wangu, kwa kitabu wewe umeshaenda nyumbani."

g_object_ref ni kusaini kuingia. g_object_unref ni kusaini kutoka. Hesabu ikifika sifuri, kitu kinabomolewa na memori yake inaachiwa. Ukisahau kusaini kutoka, memori inavuja. Ukimsainia mwingine, kuna mtu atafungiwa ndani, yaani programu itagusa kitu ambacho hakipo tena, na hapo lolote linaweza kutokea.

Msimbo wangu wa kufungua ujumbe ulikuwa hivi, na mpaka leo sioni kosa ndani yake:

```
GMimeStream *mkondo = g_mime_stream_mem_new_with_buffer (data, urefu);
GMimeParser *kichanganuzi = g_mime_parser_new_with_stream (mkondo);
g_object_unref (mkondo);

GMimeMessage *ujumbe = g_mime_parser_construct_message (kichanganuzi, NULL);
g_object_unref (kichanganuzi);

/* kazi yote inafanyika hapa */

g_object_unref (ujumbe);
```

Wengi wakiona mkondo (njia ambayo data inasomwa) unaachiwa mstari wa tatu, kabla hata haujasomwa, wanashtuka. Usishtuke. Kichanganuzi, kile kinachousoma na kuuchambua ujumbe, kilipoumbwa kilisaini daftari la mkondo. Wewe ukitoka, chenyewe kimebaki. (Pima kama ujumbe ni NULL, yaani hakuna kitu, kabla ya kuendelea, kwa sababu si kila kinachochotwa kisandukuni kinafunguka.)

Nikaanza kuwinda kwa Valgrind, chombo cha kuchunguza matumizi ya memori. Inafanya programu itambae kama konokono, lakini ina macho. Ilinionyesha uvujaji wa baiti chache chache kwenye mstari ninaousoma jina la mtumaji. Mstari huo una darasa zima ndani yake. g_mime_message_get_from inakuazima orodha ya anwani: ni ya ujumbe, usiiguse. Lakini orodha hiyo hiyo ukiipitisha kwenye internet_address_list_to_string, unachorudishiwa ni kamba mpya ya herufi iliyotengenezwa kwa ajili yako. Hiyo umepewa, na ni lazima uiachie kwa g_free. Kwa hiyo unaazimwa na kupewa ndani ya pumzi moja. Kwa upande mwingine, g_mime_message_get_subject inakuazima tu. Dalili ya haraka ni kuangalia aina inayorudishwa: ikiandikwa const char *, umeazimwa, ikiwa char * tupu, kuna uwezekano mkubwa ni yako. Lakini soma hati ya kila funksheni, kwa sababu kwenye vitu vyenyewe, si kamba, const haitakusaidia. g_mime_message_get_body, kwa mfano, inakuazima sehemu ya ujumbe. Mimi katika bidii yangu ya usafi niliwahi kuisainia kutoka. Programu ilianguka mistari mingi baadaye, pale nilipouachia ujumbe wenyewe, na nikapoteza alasiri nzima nikichunguza mahali pasipo na hatia.

Kingine Valgrind ilichokiona ni GMimePartIter, kile cha kutembelea sehemu za ujumbe moja baada ya nyingine. Hicho si GObject. Kina funksheni yake, g_mime_part_iter_free.

Nikarekebisha yote. Valgrind ikasema hakuna kilichopotea. Nikamwandikia mhasibu kwa madaha kwamba tatizo limekwisha.

Mwisho wa mwezi ikafa tena.

Hapa ndipo panapowaangusha wengi. Valgrind inatofautisha memori iliyopotea kabisa, ambayo hakuna tena pointa (anwani ya mahali ilipo) inayoielekea, na memori ambayo bado inafikika. Nilikuwa nimezoea kuidharau hii ya pili. Sasa, ndani ya programu yangu kulikuwa na orodha ya kudumu, GList, niliyoitumia kukumbuka jumbe zilizokwisha kupita ili nisizirudie. Kila ujumbe nilikuwa nauongezea daftarini kwa g_object_ref na kuuweka humo. Kwa Valgrind hakuna kilichovuja: orodha ipo, pointa zipo, kila kitu kinafikika. Ni kama yule aliyeondoka Ijumaa bila kusaini, soja yuko sahihi kabisa kwa kitabu chake.

Na kwa nini nilitunza jumbe nzima? Kwa ajili ya Message-ID tu, kitambulisho cha kila ujumbe! Herufi sitini hivi, basi. Lakini angalia kinachobebwa nyuma ya herufi hizo. Kiambatisho husafiri kwa base64, njia ya kuandika faili kwa herufi za kawaida, ambapo kila baiti 3 zinageuka herufi 4, na mistari inakatwa kila baada ya herufi 76. Ankara ya kuskani ya megabaiti 6 inafika kama megabaiti 8 na kidogo. GMime nayo, mkondo ukiwa unaruhusu kurudi nyuma na kwenda mbele, kwa kawaida hainakili viambatisho upya. Kila sehemu ya ujumbe inaushikilia ule mkondo wa mwanzo na kukumbuka inaanzia wapi. Ni akili nzuri sana, ila mkondo wangu ulikuwa wenyewe ni wa memori. Kwa hiyo kila ujumbe kwenye orodha ulikuwa umeshika mkondo, na mkondo umeshika megabaiti 8. Jumbe mia moja za namna hiyo ni megabaiti 800. Seva ina gigabaiti moja. Katikati ya mwezi barua ni haba, tunapona. Mwisho wa mwezi wasambazaji wote wanadai pamoja.

Kilichonionyesha hayo ni Massif, chombo kingine ndani ya Valgrind. Hakiulizi nini kimepotea, kinachora memori inavyopanda na kutaja nani aliyeiomba. Grafu yangu ilikuwa kama ngazi za jengo la KICC, na kila kipandio kimeandikwa jina la mkondo.

Nikaenda haraka, nikakosea tena. Niliamua kutunza pointa ya Message-ID peke yake na kuuachia ujumbe. Memori ikatulia ajabu. Lakini baada ya muda ulinganisho ukaanza kutoa majibu ya wazimu, kwa sababu g_mime_message_get_message_id nayo inaazima. Nilikuwa nimemrudisha mwenye nyumba kwao huku nimeng'ang'ania ufunguo. Nilipokompaili kwa -fsanitize=address, inayokagua kila memori inayoguswa, programu ilisimama papo hapo na kunionyesha mstari. Tangu siku hiyo sifanyi jaribio lolote bila alama hiyo.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari miwili. g_strdup inanakili herufi sitini, nakala ni yangu, ujumbe unakwenda zake. Nakala naziweka kwenye jedwali la g_hash_table_new_full, nikiipa g_free kama funksheni ya kuachia funguo, ili jedwali likifa life na vyake vyote. Kama wewe unataka kubaki na GList ya vitu, kumbuka g_list_free inaachia visanduku vya orodha tu, vilivyomo ndani havigusi. Unayoitaka ni g_list_free_full pamoja na g_object_unref.

Baada ya hapo nikaacha mkondo wa memori. Ujumbe sasa unaandikwa kwenye faili ya muda, mkondo ni wa faili, na kiambatisho kinamiminwa kutoka humo hadi faili nyingine bila kukaa chote kwenye RAM. Ningefanya hivi kabla ya kuondoa ile orodha ningekufa kifo kingine: kila ujumbe uliotunzwa ungeshika faili wazi, na Linux nyingi zinaruhusu mchakato faili 1024 tu kwa kawaida.

Ushauri wangu wa kazi kwa anayeanza: usisubiri mwisho wa mwezi. Chukua ujumbe mmoja mzito, upitishe mara mia tatu ndani ya kitanzi, huku unatazama VmRSS (RAM inayoshikwa na mchakato) kwenye /proc. Ikipanda mwanzoni kisha ikalala, uko salama. Ikipanda kila mzunguko, kuna asiyesaini. Ila usitarajie namba ishuke hadi ilikoanzia, maana glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, hukaa na memori uliyoiachia ikitumaini utaiomba tena. Mimi kwa ubishi nilijaribu malloc_trim(0), inayoiambia irudishe memori hiyo, ikashuka, nikaridhika, nikaifuta. Na kwa kamba za herufi tumia g_autofree kama GLib yako (maktaba ambayo GMime inaitegemea) ni 2.44 au mpya zaidi na unakompaili kwa GCC au Clang. Kamba inaachiwa yenyewe ukitoka kwenye mabano.

Walio kwenye Python msicheke sana. Huko hamsaini daftari kwa mkono, lakini orodha ya jumbe nzima iliyosahauliwa inakula vile vile, na get_payload(decode=True) inakutengenezea nakala nyingine ya kiambatisho kila unapoiita. Wa .NET wanaotuma barua kwa MailMessage nao wakisahau Dispose, faili waliyoambatisha inabaki imefungwa na hawawezi kuifuta.

Programu sasa inakaa chini ya megabaiti 40, mwisho wa mwezi ukiwemo. Mhasibu hajanipigia tena kuhusu ankara. Juzi alinipigia kuhusu printa, na nikamweleza kwa heshima zote kwamba hiyo sikupewa wala sikuazimwa.