Chati ya ukutani na antigramu ni karatasi mbili tofauti

Mkuu, umeuliza kama chati ya antijeni (alama zilizo juu ya seli nyekundu) na kingamwili (protini za mwili zinazozishambulia) mliyoibandika ukutani inatosha kuitambua kingamwili ya mgonjwa wenu, maana damu yake inagoma, haipatani na kila chupa mnayomtafutia. Nimekaa benki ya damu miaka kumi na moja, nakujibu kwa yaliyonikuta.

Haitoshi. Chati ya ukutani inakupa tabia tu: anti-M (yaani kingamwili dhidi ya antijeni M), anti-P1 na anti-Lea kwa kawaida hupenda baridi na mara nyingi hazina madhara, anti-K, anti-Fya na anti-Jka hujitokeza kwenye Coombs (kipimo kinachoonyesha kingamwili zilizonata juu ya seli) baada ya nyuzi 37, na hizo huvunja seli. Anayekutajia kingamwili ni antigramu, ile karatasi inayokuja ndani ya boksi la paneli (seti ya seli za wachangiaji ambao antijeni zao zinajulikana), na inafaa kwa loti hiyo, yaani toleo hilo la kiwandani, peke yake. Seli namba 4 ya mwezi huu imetoka kwa mchangiaji mwingine kabisa na ile ya mwezi uliopita. Mimi niliwahi kusoma majibu juu ya antigramu ya loti iliyokwisha, ilikuwa imesahaulika kwenye ubao wa kubania karatasi. Nikapata anti-E safi, haina doa. Aliyepokea zamu ndiye aliyegundua namba hazifanani. Tangu siku ile naandika loti namba kwa kalamu nyekundu kabla sijadondosha tone la kwanza.

Ukishakuwa na karatasi sahihi, angalia dozi, yaani kama seli imebeba antijeni kwa nakala moja ya jeni au mbili. Hapa ndipo nilipoumia. Tulikuwa na mama aliyewahi kuongezewa damu. Seli mbili za paneli zilishika (ziligandana) kwa unyonge, 1+ ya kubembeleza, kwenye kipimo kinachopanda hadi 4+. Seli ya Jk(a+b+), yenye Jka na Jkb kwa dozi moja moja, haikushika, nami kwa hiyo nikaifuta anti-Jka kwenye orodha ya washukiwa. Krosimachi (kupima damu ya chupa dhidi ya plazima ya mgonjwa) ikakubali, chupa ikaenda wodini. Siku ya nane macho yakawa ya njano na hemoglobini ikashuka. Tuliporudia, seli za Jk(a+b−), zenye dozi mbili za Jka, zilishika 3+, zile za dozi moja hazikufika hata 1+. Alipona, namshukuru Mungu, lakini sifuti tena kingamwili za makundi ya Kidd (kama Jka), Duffy (kama Fya) wala MNS (kama M) kwa seli yenye dozi moja. Na anti-Jka hufifia baada ya miezi hadi kipimo kisiione, kwa hiyo mpeni mgonjwa kadi yenye jina la kingamwili yake.

Halafu zile asilimia za kila antijeni kwenye chati: soma safu ya Waafrika. Fy(a−b−), yaani seli isiyo na Fya wala Fyb, ni nadra kwa Wazungu, kwetu ndiyo hali ya wengi, na ndiyo inayoinyima malaria ya vivax mlango wa kuingilia kwenye seli. K iko kwa Wazungu kama 9 katika 100, kwa Weusi kama 2. Antijeni ya Jsa ni kinyume: Weusi karibu 20 katika 100, Wazungu karibu hakuna. Paneli ikiwa imetengenezwa kwa damu ya wachangiaji wa Ulaya inaweza kukosa kabisa seli ya Jsa, ikatoka safi huku chupa za hapa nyumbani zikigoma.

Kwa mgonjwa wako, anza na seli zake mwenyewe dhidi ya plazima yake, kisha uliza kama ameongezewa damu ndani ya miezi mitatu. Weka hapa picha ya majibu pamoja na antigramu, jina ulifiche, nitazisoma nikitoka zamu.