Paka uliyemlisha ni wako: jibu kwa aliyeuliza kuhusu kupeleka watoto wa paka sokoni

Ndugu mleta mada, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuamua kujibu, kwa sababu miaka ya nyuma niliwahi kusimama hapo uliposimama wewe, na uamuzi niliouchukua wakati ule unanisumbua hadi leo. Umeeleza kwamba mmehamia nyumba ya kupanga Dar es Salaam pamoja na paka jike mliyemfuga tangu mkiwa Morogoro, kwamba amezaa watoto wanne nyuma ya kabati la vyombo, kwamba mwenye nyumba anataka uwaondoe, na kwamba mkeo ni mjamzito na jirani amemtia hofu kuwa paka humdhuru mtoto aliye tumboni. Umeuliza kama kuna ubaya kuwapeleka watoto hao kwenye soko la samaki, ambako vichwa na matumbo ya samaki havikosekani, na kama mama yao naye aondoke. Nitaanza na hilo la soko.

Mwaka 2012 nilikuwa nikiishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja na wapangaji wanne. Panya walikuwa wametushinda. Walitoboa viroba vya mchele, walikata nguo sandukuni, na usiku walipita juu ya dari kama watu wanaohama. Mama mmoja wa nyumba ya jirani akanipa paka jike wa rangi ya majivu, tukamwita Shani, na haikupita miezi miwili panya wakatoweka. Wote tulifurahi, wala hakuna aliyejiuliza Shani atakula nini panya wakishakwisha. Tulimchukua kama mtu anavyonunua mtego.

Mwaka uliofuata Shani alizaa mara tatu: wanne, kisha watatu, kisha watano. Mimba ya paka ni ya takriban miezi miwili tu, na paka jike anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha, jambo ambalo sikulijua na ambalo majirani wengi hawakulijua pia. Watoto wa mwanzo walipata wa kuwachukua. Wa mara ya pili walipatikana kwa taabu. Wale watano wa mwisho walipofikisha wiki tano hivi, mkubwa wa nyumba alisema imetosha, nami nikawatia kwenye kiroba ili wasiione njia ya kurudia, nikawapeleka soko la samaki la Deep Sea alfajiri, wakati wavuvi wanashusha. Nilijiambia maneno yale yale unayojiambia wewe: pale chakula kipo, watajitafutia.

Shani alilia siku tatu. Aliingia chini ya kitanda pale alipokuwa akiwanyonyeshea, akatoka, akaenda mlangoni, akarudi tena chini ya kitanda, na usiku mzima ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu akakataa kula, na nilipomshika tumbo niliona chuchu zimekuwa ngumu na za moto. Daktari wa mifugo niliyempelekea alinieleza kuwa maziwa yamegandia ndani kwa kukosa wanyonyaji na uvimbe umeshaanza, akampa dawa, kisha akaniuliza watoto wako wapi. Nilipomjibu hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilikuwa najua mtoto wa paka wa wiki tano anakula nini.

Sikujua, na nadhani wewe pia hujui, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu kidogo. Mtoto wa paka hufumbua macho akiwa na siku kati ya saba na kumi na nne. Katika wiki za mwanzo hawezi hata kujipa joto mwenyewe, na hupata joto kwa mama yake na kwa ndugu zake anaolala nao. Huanza kuonja chakula laini akikaribia mwezi mmoja, lakini anaendelea kuyahitaji maziwa mpaka wiki ya nane hivi, na katika muda huo ndipo mama humfundisha kujificha, kuwinda, kufukia kinyesi na kutambua hatari. Ukimweka mbele ya kichwa cha changu akiwa na wiki tano hataweza kukipasua. Isitoshe, sokoni chakula kina wenyewe: wako paka shume waliozoea kupigania kila utumbo unaoanguka, na dume mkubwa anaweza kumuua mtoto asiye wake. Wako mbwa, yako magari ya barafu, na wako watu wanaomwaga maji ya moto. Halafu kuna maradhi, kwa kuwa mahali wanapojazana paka wasiochanjwa, ugonjwa mmoja wa kuhara na kutapika unaweza kuwamaliza watoto wote kwa siku chache.

Nilirudi sokoni siku ya nne. Nilimkuta mmoja amekufa kando ya mfereji, karibu na meza za kuparia samaki, na mwingine akiwa hai, macho yameganda kwa usaha. Wengine watatu sikuwaona. Yule aliye hai nilimrudisha nyumbani na Shani alimpokea, akamlamba usiku kucha, lakini hakufika asubuhi.

Wazee wetu walisema paka wa nyumba haingwa, na mara nyingi tunayatumia maneno hayo kuwasema watu huku tukimsahau paka mwenyewe. Kwetu Waislamu yako pia mafundisho ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini. Nimeyafikiri sana mafundisho hayo tangu mwaka ule. Mwanamke yule hakutakiwa awe tajiri. Alikuwa na njia mbili, kumlisha au kumwachia huru, naye akamnyima zote mbili. Anayepeleka watoto sokoni hudhani kwamba amechagua ile njia ya kumwachia huru, kama nilivyodhani mimi, lakini kiumbe asiyeweza bado kujitafutia huwezi kusema umemwachia huru. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba ubaya upo, na ni mkubwa. Sikuhukumu, kwa sababu mimi nililitenda na wewe umeuliza kabla ya kutenda.

Kuhusu mkeo, nakuomba msiamue kwa maneno ya jirani. Hofu hiyo ina asili yake: kuna kimelea kiitwacho toksoplasma ambacho paka anaweza kukitoa katika kinyesi, na mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto anaweza kudhurika. Lakini sikilizeni namna kinavyoenea. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, na kwa kawaida hukitoa kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Kinyesi kikishatoka, kimelea kinahitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Maana yake ni kwamba mchanga anaojisaidia paka ndani ya nyumba ukibadilishwa kila siku, na ukabadilishwa na wewe mume badala ya mkeo, hatari hiyo inapungua mno. Watu wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva vizuri, kwa mboga zisizooshwa na kwa kushika udongo wa bustani, mambo ambayo yanaweza kutokea hata katika nyumba isiyo na paka. Kwa hiyo mkeo asiguse mchanga wa paka, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, nyama iive, mboga zioshwe, paka apewe chakula kilichopikwa, na kliniki aeleze kuwa nyumbani kuna paka ili wahudumu wamshauri. Mke wangu alibeba mimba mbili tukiwa na paka ndani, na huo ndio utaratibu tulioufuata.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakaloamua kama mwakani utarudi hapa na swali hili hili. Mfunge uzazi paka wako. Usisubiri azae "mara moja ya mwisho". Shani nilimfunga uzazi mwaka 2014, baada ya kuweka shilingi 5,000 kila wiki kwenye kopo kwa wiki 12, kwa sababu fedha ya mkupuo sikuwa nayo. Daktari alimpa dawa ya usingizi, akatoa mfuko wa uzazi na ovari zake, na jioni ile ile tukarudi naye nyumbani akiwa anayumba kidogo. Kazi yetu ilikuwa kumzuia asilambe mshono na kumweka ndani mpaka kidonda kipone, muda wa siku kumi hivi. Wapo wanaosema huko ni kumwonea mnyama, na ninawaheshimu kwa kuwa wanasema kwa huruma. Ila mimi nimeyaona yote mawili kwa macho yangu, kidonda cha siku kumi na kile kilio cha siku tatu, na sina shaka ni lipi lililomtesa zaidi. Dume naye ahasiwe. Dume asiyehasiwa hutangatanga, hupigana, hurudi na majipu ya kuumwa, na hunyunyizia mkojo ukutani, jambo ambalo mwenye nyumba yeyote atalilalamikia kwa haki. Zile sauti za usiku ambazo watu husema ni za majini, mara nyingi ni jike anayetafuta dume, au madume mawili yanayomgombania.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kwa maoni yangu, ijapokuwa jina linawafanya watu wadhani inawahusu mbwa peke yao. Paka huupata ugonjwa huo na huambukiza watu, na dalili zikishaanza kwa mtu hapana tiba ya kutegemea. Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari, kwa kawaida kila mwaka. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asipake chochote akakaa nyumbani kusubiri.

Chakula hakina ugumu kama watu wanavyodhani. Ugali na mchuzi peke yake havimtoshi paka, kwa sababu mwili wake unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, kinachopatikana katika nyama na samaki, na akikikosa muda mrefu huweza kupofuka au kuharibika moyo. Dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, maini kidogo, mapupu, utumbo wa kuku uliopikwa: hivyo ndivyo tunavyowalisha, tukichanganya na ugali mdogo. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwake, hata vikiwa ndani ya mchuzi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao waliokwisha kukua. Maji safi yasikosekane.

Lipo jambo moja la dawa ambalo lazima niliseme, ingawa ni gumu kwangu kulisimulia. Mwaka 2017 tulikuwa na dume kijana aliyerudi akichechemea, mguu umevimba, na mimi kwa kumhurumia nikampa nusu kidonge cha parasetamoli. Kufikia usiku ufizi wake ulikuwa umegeuka rangi ya udongo, uso umevimba, anahema kwa shida, na alikufa kabla sijapata usafiri. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu linavyofanya, na hata kipande kidogo kinaweza kuua. Tafadhali, wewe na kila anayesoma hapa, msimpe paka dawa ya binadamu bila kumwuliza daktari, wala msimpake dawa ya viroboto ya mbwa, kwa kuwa nyingi zina permethrini ambayo paka haivumilii. Na kama unatega sumu ya panya katika nyumba yenye paka, jua kwamba panya aliyekula sumu naye huliwa.

Kuhusu mwenye nyumba, mimi ningezungumza naye kwa heshima na kumpa muda maalumu badala ya kubishana. Mwambie kwamba watoto wataondoka wakifikisha wiki nane au kumi, kwamba mama atafungwa uzazi, kwamba mchanga utakuwa ndani kwako na utausafisha kila siku. Wengi wanachokichukia ni harufu na kelele, na vyote viwili vina dawa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtambua mwenye mnyama kuwa na wajibu juu yake, lakini nisingeanza mazungumzo kwa kumtajia mtu sheria. Na kwa kuwa mmehama juzi, mama asiruhusiwe kutoka nje kwa wiki mbili au tatu za mwanzo, maana paka aliyehamishwa hujaribu kurudi alikotoka na hupotelea njiani.

Katika kuwatafutia watoto watu wa kuwachukua, usimpe mtu kwa sababu tu amekubali. Mwulize nani atamlisha akisafiri, kama atamfunga uzazi, na kama watoto wake wadogo wanajua kumshika mnyama. Wenye maduka ya nafaka hupenda paka, ila waeleze wazi kwamba panya wakiisha paka bado atahitaji kula. Mimi niliwagawa wawili wawili pale ilipowezekana, kwani wakiwa wawili hulia kidogo na huzoea upesi.

Hukutaja umri wa hao wanne. Tafadhali nijibu kama macho yamefumbuka, kama wameanza kutembea wenyewe, na kama mama bado anakaa nao muda mrefu, ndipo niweze kukuambia zimebaki wiki ngapi na daktari wa mifugo umpelekee mama lini.