Maswali na Majibu: Zuhura Katika Darubini Ndogo

Nina darubini ya lenzi yenye upana wa milimita 70. Nikiilenga Zuhura saa mbili usiku hapa Kisumu, naona doa jeupe linalotetemeka, jekundu upande mmoja na la buluu upande wa pili. Je, nimeuziwa lenzi mbovu?

Yamkini lenzi yako haina neno. Kosa ni kungoja giza, na mimi mwenyewe nililirudia kwa miezi kadhaa kabla ya kuelewa. Zuhura hung'aa mno, hivyo kukiwa giza mwangaza wake hulizidi jicho na kulimeza umbo lake. Tena kufikia saa hiyo mara nyingi imekwisha kuteremka karibu na upeo wa ziwa, ambako nuru yake hupita katika hewa nyingi inayoipinda na kuitenganisha rangi. Anza mara tu jua linapozama, mbingu ingali samawati, nayo sayari ingali juu. Ikiwa mwanzi wa darubini yako una urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi ya mbele hadi nuru inapokutana) wa milimita 700, lenzi ya jicho, yaani ile unayochungulia, ya milimita 10 itakukuzia mara 70 (700 kugawanya kwa 10), na hiyo yatosha. Usilenge juu ya paa la mabati lililoshinda juani, kwa maana joto lake huichezesha picha kama hewa ya juu ya lami adhuhuri.

Mwezi uliopita niliiona kama nusu duara. Sasa imekuwa hilali, lakini kubwa zaidi. Inawezekanaje ipungue huku inakua? (Msomaji, Nakuru)

Umeona alichokiona Galileo mwaka 1610. Zuhura hulizunguka jua ndani ya njia ya Dunia. Inapotukaribia, hadi kilomita milioni 40 hivi, huonekana kubwa, ila upande unaopigwa na jua huwa umetupa kisogo, tukabakiwa na ukingo mwembamba kama mwezi mwandamo. Inapokuwa ng'ambo ya jua, umbali hupita kilomita milioni 250, nayo huonekana duara dogo karibu kamili. Chora kila jioni unayoitazama, kwani jioni Zuhura huonekana nusu kamili siku kadhaa kabla ya tarehe inayotolewa na mahesabu, jambo aliloliandika mwanafalaki Mjerumani Johann Schröter mwaka 1793.

Naweza kuona milima yake?

Hapana. Mawingu ya asidi ya salfuriki yameifunika yote. Ramani ya ardhi yake ilichorwa kwa rada, hasa na chombo cha angani Magellan katika miaka ya 1990.

Wanafunzi wangu wa Kakamega hawawezi kubaki hadi jioni. Tunaweza kuitazama mchana?

Mnaweza, lakini kwa sharti moja ambalo silegezi. Zuhura ya jioni hulifuata jua, kwa hiyo alasiri jua huwa magharibi yake: simamisheni darubini ndani ya kivuli cha ukuta ulio upande huo, ili jua lisiweze kuingia hata mtoto akiisukuma. Jua likiingia kwenye lenzi huunguza jicho papo hapo, bila maumivu ya kumwonya mtazamaji. Kivuli kikisogea, nanyi sogeeni, na mwalimu asiiache darubini peke yake.