Re: VSMOW2 kila siku?
Mkuu, umeuliza kama unaweza kutumia VSMOW2, maji ya rejea ya kimataifa ya kulinganishia isotopu (atomi nzito na nyepesi za oksijeni na haidrojeni), kila unapopima maji ya chemchemi za Rungwe. Usifanye hivyo, utaimaliza bure. Kichupa cha IAEA (Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki) kutoka Vienna kina mililita 20 tu. Hiyo na SLAP2, maji mengine ya rejea ya kimataifa yaliyo mepesi zaidi, ni za kusawazishia maji yako ya rejea ya kila siku: VSMOW2 ni sifuri, SLAP2 ni −55.5‰ (sehemu kwa elfu) kwa oksijeni-18 na −427.5‰ kwa haidrojeni-2.

Ya kila siku tengeneza mwenyewe. Tengeneza ya aina mbili. Mepesi (yenye isotopu nzito chache), kinga mvua kubwa hapo Mbeya. Mazito (yenye isotopu nzito nyingi), acha maji yaliyokenekwa yapungue kwa mvuke. Ya Ziwa Ngozi hapana, chumvi itachafua mashine ya leza ya kupimia. Hifadhi kwenye chupa za kioo, zijae hadi shingoni, kizibo kikaze kwelikweli. Vipimo vya sampuli zako lazima viangukie katikati ya vile vya maji mepesi na mazito.