Nani alimwambia karani?

*Maswali ya wasomaji kuhusu nasaba na nyaraka za zamani. Anayejibu alikuwa mhudumu wa chumba cha kusomea nyaraka, na sasa amestaafu.*

Shikamoo Bibi. Nafuatilia nasaba ya upande wa mama, na nilikuwa nimekwama kwa babu yake bibi, fundi mwashi. Juzi nimekuta mtandaoni mti wa ukoo wa mtu nisiyemjua. Yumo mwashi wetu, jina na ukoo ni hayo hayo, kazaliwa 1841, na juu yake mti unapanda mpaka miaka ya 1520. Nikaona na miti mingine kadhaa inasema vivyo hivyo. Ndugu zangu wamefurahi na wanataka tuchapishe kitabu. Niunakili? – Mjukuu wa Mwashi

Marahaba, mwanangu. Usiunakili bado, na kitabu kisubiri.

Hiyo miti kadhaa ihesabu kuwa ni mmoja mpaka ithibitike vingine. Siku hizi mtu hubeba tawi zima la mwenzake kwa kubonyeza mara moja, na kosa la mmoja likawa kauli ya wote. Lifungue jina la mwashi katika kila mti, uangalie limeegemea nini. Ukikuta limeegemea mti mwingine, pita. Ukikuta limetajwa daftari, mwaka na ukurasa, hapo pana mtu wa kuzungumza naye.

Wageni wangu wa chumba cha kusomea walinizoea kwa swali moja: nani alimwambia karani? Kila mstari wa daftari ulitoka kinywani mwa mtu, na mtu huyo ama alijua au alikisia. Chukua cheti cha kifo. Tarehe ya kufa iamini, kwa sababu aliyekwenda kuandikisha pengine alikuwepo. Lakini mahali marehemu alikozaliwa miaka sabini nyuma, hayo kayasema mkwe au jirani, na yeye aliyasikia tu. Karatasi ni moja, uzito wa maneno yake si mmoja.

Sasa tumrudie mtoto wa 1841. Kabla hujampa mwashi wako ubatizo huo, mtafutie mtoto kaburi. Nasema kwa moyo mzito, maana nimewaona wengi sana humo madaftarini: watoto walikufa wachanga, na wazazi wakampa anayefuata jina lile lile ili lisipotee. Kulikuwa na kijiji kimoja ambacho daftari lake nililijua vizuri. Ubatizo wa 1841 upo, wino umefifia, majina ya baba na mama yanasomeka. Katika daftari la mazishi, 1843, jina hilo hilo, umri miaka miwili, basi, karani hakuongeza neno. Halafu 1844 unakuta ubatizo tena: jina lile, wazazi wale. Aliyesoma faharasa tu aliona jina, akaona mwaka uliokaribiana na hesabu zake, akaondoka nalo. Akaujenga ukoo wake juu ya mtoto aliyezikwa.

Hapo angalau wazazi ni wale wale. Balaa kubwa ni la binamu. Ndugu wawili wanakaa kijiji kimoja, kila mmoja anamwita mwanawe jina la babu, na watoto wanapishana mwaka mmoja. Ukishika asiye wako, kuanzia hapo kwenda juu umeandika akina mama wa watu wengine. Wa kuwatenganisha ni kazi, nyumba waliyokaa, mke, na hasa mashahidi. Tazama wasimamizi wa ubatizo na waliotia saini harusini, maana kwa kawaida watu hawamchukui mpita njia kuwa shahidi. Tazama na saini yenyewe. Kwa England na Wales, sheria iliyoanza kutumika 1754 iliwataka maharusi na mashahidi watie saini kwenye daftari la ndoa. Mwashi aliyeandika jina lake kwa herufi zilizonyooka mwaka fulani, kisha ukamkuta miaka mitano baadaye anaweka alama ya msalaba, huenda ni watu wawili. Huenda pia mkono ulikuwa unauma. Ndiyo maana ushahidi mmoja hautoshi.

Hujaniambia ni nchi gani, na kila nchi ina desturi yake ya kuandika. Uandikishaji wa serikali Ufaransa ulianza 1792, England na Wales 1837, Scotland 1855, Ireland 1864. Ukiwa na bahati ya kuwa na mtu aliyefia Scotland, cheti chake kinataja baba na mama yake, tena na ukoo wa mama kabla hajaolewa. Cha England cha wakati huo hakina hayo, na wengi huhangaika miaka wakitafuta kitu ambacho karani hakuagizwa kukiuliza.

Hiyo miaka ya 1520 ndiyo inayonitia shaka zaidi. England iliamriwa kuweka madaftari ya parokia mwaka 1538, na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Kwa Wakatoliki agizo la jumla lilitoka kwenye Mtaguso wa Trento, 1563. Madaftari mengi ya mwanzo yalipotea. Mtu akimfikisha mwashi wa kawaida kabla ya hapo, ana hati gani mkononi? Zipo za ardhi, za kodi na wosia. Mwandikie umuulize kwa adabu. Mwenye nayo atakuonyesha kwa furaha, na utakuwa umepata mwenzako wa kazi.

Bibi, sensa zinanivuruga. Mama yake babu ana miaka 28, na sensa ya miaka kumi baadaye ana 35! Ukoo wetu nao umeandikwa namna tatu tofauti. Mjomba anashikilia kwamba makarani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji New York, ndio waliotubadilishia jina. – Mwenye Sensa Mkononi

Umri wa sensa uchukue kama fununu. Mlangoni karani alikutana na nani: mama mwenyewe, mtoto mkubwa, au mpangaji? Katika sensa za Marekani huwezi kujua mpaka ile ya 1940, ambapo karani aliagizwa kuweka alama ya x ndani ya duara kando ya jina la aliyemjibu. Katika sensa ya Uingereza ya 1841 makarani waliagizwa washushe umri wa waliozidi miaka 15 hadi tano iliyo chini yake, hivyo wa miaka 34 anasomeka 30, ingawa si wote waliofuata. Ukifika ile ya 1911 shukuru Mungu, kwa sababu zilizohifadhiwa ni fomu zilizojazwa majumbani. Hapo unaweza kuuona mwandiko wa babu yako mwenyewe.

Hayo ya Ellis Island mwambie mjomba kwa upole. Kituo kilifunguliwa 1892, na wakaguzi wake walifanya kazi wakiwa na orodha ya abiria iliyokwisha kuandikwa na watu wa meli kule safari ilikoanzia. Majina mengi yalibadilika baadaye, shuleni na kazini, na mara nyingi wenyewe ndio walioyabadili ili watu waweze kuyatamka. Itafute orodha hiyo, pamoja na maombi ya uraia.

Namna tatu za kuandika ukoo zisikutishe. Aliyesema huenda hakujua kusoma, na aliyeandika aliandika alivyosikia. Ziandike zote tatu kama zilivyo, usisahihishe hata herufi, na utafute kwa sauti. Robert Russell alipata hataza ya mfumo wa namna hiyo 1918, unaoitwa Soundex: herufi ya kwanza ya jina inabaki, sauti zinazofuata zinageuzwa tarakimu, na majina yanayosikika sawa yanaangukia kapu moja. Faharasa nyingi za sensa za Marekani zilipangwa hivyo.

Shikamoo Bibi. Mume wangu ni Mmarekani mweusi. Tumewafuata wazee wake kutoka sensa hadi sensa mpaka 1870, hapo tukagonga mwamba. Babu yake babu yupo 1870 na mke na watoto, lakini 1860 hayupo popote. Mume wangu ameanza kukata tamaa. Anasema watu wake hawakuandikwa. – Mke Msaidizi

Marahaba, mama. Mwambie mumeo asikate tamaa, na mwambie uchungu wake una sababu. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Katika zile za 1850 na 1860 palikuwa na karatasi za pembeni zilizoandikwa jina la mwenye watumwa, na chini yake mistari ya watu: umri, jinsia, rangi. Kwa kawaida majina hayakuandikwa. Nani alimwambia karani? Bwana. Na waliohesabiwa hawakuulizwa.

Kwa hiyo mfuate mzee kwenye nyaraka ambamo yeye mwenyewe alifungua kinywa. Machi 1865 Bunge la Marekani lilianzisha benki ya akiba kwa ajili ya walioachiwa huru, Freedman's Savings Bank, ikafa 1874 na akiba za watu wengi zikapotea. Madaftari ya wateja wake yapo. Mteja alisimama mbele ya karani akaulizwa: ulizaliwa wapi, ulilelewa wapi, unafanya kazi gani, mkeo nani, watoto, baba, mama, kaka na dada. Wengine wakataja na bwana wa zamani. Wengine wakasema ndugu yao aliuzwa na alipelekwa upande gani. Nimezisoma nakala za kurasa hizo na sikuweza kuzifunga haraka. Mtu amekuja kuweka fedha kidogo, na kwa kuulizwa tu, anawataja watu wake wote waliotawanywa.

Mwezi huo huo iliundwa Ofisi ya Walioachiwa Huru, Freedmen's Bureau, iliyofanya kazi hadi 1872. Humo mna mikataba ya kazi za mashambani, orodha za mgao wa chakula, na madaftari ya ndoa za watu waliokwisha kuishi pamoja miaka mingi bila sheria kuwatambua. Kurasa hizi zilikuwepo muda wote, ila kumpata mtu mmoja ndani yake ilikuwa kazi ya kupekua bila mwisho. Mwaka 2015 na 2016 maelfu ya watu wa kujitolea walikaa, kila mmoja na kompyuta yake, wakachapa majina hayo moja moja, na leo mumeo anaweza kuandika jina la mzee na kulitafuta. Ninapoambiwa kuwa kushirikiana ni kuwapa wengine jasho lako bure, huwa nawatajia kazi hii.

Mrudieni pia mzee katika ukurasa wa 1870 wenyewe. Msisome kaya yake peke yake, someni kurasa kadhaa mbele na nyuma. Sensa hiyo ilikuwa na safu za thamani ya ardhi na ya mali. Jirani mwenye mali nyingi aliyezaliwa jimbo moja na mzee anaweza kuwa bwana wa zamani au mtu wa familia hiyo. Jina la ukoo la mzee lisiwafunge, kwa sababu wapo waliochukua la bwana wa zamani zaidi, na wapo waliojichagulia. Ukipata jina la bwana, tafuta wosia wake na orodha ya mirathi. Humo watu waliandikwa kwa majina, na kando ya jina bei. Kaeni pamoja siku mtakayoisoma.

Na angalizo: sensa ya 1870 haisemi nani ni nani kwa mkuu wa kaya. Uhusiano ulianza kuandikwa 1880. Hao mnaowaita watoto wa mzee, mmoja anaweza kuwa mpwa au yatima aliyeokotwa.

Bibi, nilipima vinasaba. Ametokea mtu ambaye kipimo kinasema ni binamu yangu wa kwanza, na ukoo mzima hakuna anayemjua. Nimwandikieje? – Nimeduwaa

Kabla ya kuandika, jua kipimo kimesema nini hasa. Binamu wa kwanza hushirikiana takriban asilimia 12.5 ya vinasaba. Lakini kiasi cha namna hiyo hutokea pia kwa baba mdogo au shangazi aliyechangia mzazi mmoja tu na mzazi wako, au kwa mtoto wa mpwa wako. Umri wake utakusaidia kuchagua.

Nyuma ya namba hiyo pengine yupo mama aliyenyamaza miaka hamsini, naye bado yu hai. Usimpigie ndugu yeyote simu, usiweke kwenye kundi la familia. Mwandikie huyo mtu peke yake, kwa kifupi, usimtajie baba wala kumpa dhana zako. Kitu kama hiki: "Habari yako. Mimi naitwa fulani. Kipimo kinaonyesha tuna undugu wa karibu, nami sijui unapitia wapi. Upande wa mama yangu ni ukoo huu, upande wa baba ni huu. Kama unapenda tuzungumze, nipo. Kama hupendi, au si sasa, nitaelewa na sitakusumbua."

Halafu subiri. Wengine hujibu baada ya miezi, kwa sababu nao wanatafuta namna ya kumuuliza mama yao.