Kupangisha fremu Second Life: mpangaji halipii mita za mraba

Mkuu, umesema umenunua kiwanja cha mita za mraba 4,096 kwenye bara la Second Life (ile dunia ya kwenye kompyuta ambapo watu hununua ardhi na kuuziana vitu), unataka kukijengea fremu ishirini upangishe wauzaji, na unauliza utoze shilingapi kwa wiki. Mimi nilikuwa na soko la fremu ishirini kwenye kiwanja cha ukubwa huohuo tangu 2008 hadi 2010, na lilinitia hasara muda mwingi kuliko lilivyonipa faida. Nitakujibu kwa marefu. Suala la bei nitalifikia mwisho, maana si bei iliyonimaliza.

Enzi hizo ardhi ya ukubwa huo ilikuwa dola 25 kwa mwezi, mbali na ada ya uanachama wa Premium ambayo bila hiyo hukuweza kumiliki ardhi ya bara. Kwa kiwango cha kama L$250 (L$ ni pesa ya mle ndani) kwa dola moja, hiyo ni L$6,250 kwa mwezi, sawa na karibu L$1,450 kwa wiki. Nikapanga kila fremu iwe L$100. Ishirini mara mia, elfu mbili, nikajiona tajiri kabla sijaweka hata tofali. Kumbe fremu zote ishirini kujaa kwa wakati mmoja ni jambo lililonitokea wiki moja tu katika muda wote ule. Zikiwa na watu kumi na nne bado nilikuwa natoa mfukoni mwangu, na mara nyingi walikuwa tisa.

Sasa tuje kwenye primu, yaani vile vipande vya msingi vinavyounda kila kitu kule, maana hapo ndipo wenye masoko wengi wanapoumia. Eneo kule ni hewa tu, unaweza kuongeza ghorofa juu ya ghorofa mpaka mawinguni. Kinachoisha ni idadi ya vitu ambavyo kiwanja kinaruhusiwa kubeba. Changu kilibeba primu 937. Jengo lenyewe lilikula zaidi ya 200, taa na minazi (nilipenda minazi, kosa langu) zikala kama 90, nikabaki na mia sita na kitu za kugawia watu ishirini. Yaani thelathini kila mmoja. Muuza nguo zinamtosha kabisa, kwa sababu yeye anabandika picha ukutani, kila picha primu moja, nguo zenyewe zimo ndani ya picha. Muuza samani hazimtoshi hata kidogo.

Mpangaji wangu wa tatu alikuwa wa samani. Aliingia usiku nikiwa nimetoka, akashusha kitanda kimoja chenye nguzo na mapazia, kabati, na seti ya sofa. Kesho yake nakuta jumbe za watu wanne: wanajaribu kuweka bidhaa zao, dunia inawaambia kiwanja kimejaa. Yule bwana peke yake alikuwa anashikilia primu 340 kwa L$100 ile ile wanayolipa wenzake. Nikajifanya mjanja, nikakikata kiwanja vipande ishirini nikiamini kila kipande kitabaki na hesabu yake. Haikusaidia chochote. Viwanja vya mmiliki mmoja ndani ya eneo moja huchangia primu, ukivikata unapata mipaka tu. Kilichosaidia ni kisanduku cha kodi chenye skripti (programu fupi) inayohesabu primu za kila mtu na kumtumia ujumbe akizidisha. Usifungue hata fremu moja kabla hujawa nacho.

Kisa cha pili ni aibu yangu mwenyewe. Wapita njia walikuwa wanatupa takataka sokoni: maboksi tupu, mabango ya matangazo, siku moja nikakuta nyangumi. Nikawasha mpangilio wa kiwanja wa kuwarudishia wenyewe vitu vyao kiotomatiki baada ya dakika tano, nikaenda kulala kwa amani. Lakini kifaa kile hakijui mpangaji wala mhuni. Kinachotazama ni kama kitu kimewekwa chini ya kundi la kiwanja au hakikuwekwa. Kila kisicho cha kundi, nje. Wapangaji wangu walikuwa wamejiunga na kundi, ila wengi wao walipokuwa wanapanga bidhaa hawakuwa wamevaa jina la kundi, kwa hiyo vitu vyao vilihesabika vya mgeni. Niliporudi nikakuta soko jeupe. Kuta, minazi yangu, na kisanduku kimoja cha kodi juu ya kila fremu kikiendelea kuwaonyesha watu siku walizobakiza. Bidhaa zote zilikuwa kwenye folda zao za vitu vilivyopotea, zimefungashwa bila mpangilio, na mtu aliyetumia siku mbili kunyoosha picha arobaini hataki kusikia habari ya folda. Watatu walihama siku hiyohiyo. Wengine niliwarudishia kodi ya wiki mbili, na tangu hapo kila mpangaji mpya nilikuwa nasimama naye, anaweka kitu kimoja mbele yangu, nakikagua, kikiwa cha kundi ndipo nampa ruhusa ya kuendelea.

Wapitanjia sasa. Hao ndio mpangaji anaokulipia hasa, hata kama hasemi. Jirani yangu alikuwa na boti ishirini (si za kuvulia samaki, ni avata, wale watu wa kuchora wa mle ndani, zinazoendeshwa na programu) zimerundikwa ndani ya sanduku angani, ili takwimu za wageni zipande na soko lake litokee juu kwenye utafutaji. Wapangaji wangu wakanishinikiza nifanye vilevile. Sikufanya, na sijutii: 2009 Linden Lab, kampuni yenye Second Life, wakapiga marufuku kupandisha takwimu kwa boti, na wale waliokuwa wamezoea wakakuta masoko yao hayana mtu wa kweli hata mmoja. Viti vya kulipa watu wakae tu navyo ni hivyohivyo, mkaaji hanunui kitu.

Nilichofanya ni kujificha nyuma ya mnazi na kutazama. Usiku mmoja akaja dada mmoja, akasimama mlangoni kama dakika nzima huku kuta zikiwa bado za kijivu, picha hazijafunguka. Zilipofunguka, akaenda moja kwa moja kwenye ubao wangu wa bidhaa za bure niliouweka karibu na mlango, akachukua, akatoweka. Hakupita fremu hata moja. Kesho yake ubao nikaupeleka mwisho kabisa wa soko, nyuma ya fremu ya ishirini. Pia nilianza kuhamisha kila Jumatatu mahali wageni wanapotua, ili kila mpangaji apate zamu ya kuwa wa kwanza machoni. Kuna aliyelalamika kwamba wateja wake waliohifadhi alama ya duka lake ili watue moja kwa moja mlangoni hawatui tena kwake, na ni kweli, ukishaweka sehemu ya kutua wote wanatua hapo. Lakini ugomvi wa nani akae fremu ya mbele uliisha.

Kuhusu waliokuwa wakiuza nguo za kunakili kutoka kwa wabunifu wengine: fukuza siku ya kwanza. Wabunifu halisi wakiona mmoja, wanahama wote.

Soko langu halikufa kwa makosa yangu yote hayo. Lilikufa kwa sababu Linden Lab walinunua Xstreet, tovuti ya kuuzia bidhaa za Second Life, mwaka 2009, na 2010 wakafungua soko lao la kwenye tovuti. Mtu anatafuta koti kwenye kivinjari, analipa, linamfikia popote alipo, bila kusubiri kuta za kijivu. Kwa hiyo fremu za kila kitu kwa kila mtu, kama unazotaka wewe, siku hizi sizipi nafasi. Zinazoishi ni zenye sababu ya kwenda kwa miguu: mtaa wa zama fulani, kijiji cha wavuvi ambapo wanaouza ni wa majahazi na samani za pwani tu, au maonyesho ya biashara ya mwezi mmoja ambapo wauzaji wanalipia nafasi ili wazindue kitu kipya.

Bei basi. Siku hizi kiwanja chako kinabeba 1,406, si 937, na vitu vya meshi (vilivyochongwa kwa programu za nje ya Second Life) ni vyepesi kuliko samani za zamani. Jenga fremu kumi, si ishirini. Tenga 300 za jengo, gawa 80 kwa kila fremu, zinazobaki usiziguse, zitakuokoa. Chukua gharama yako yote ya wiki, gawanya kwa sita, hiyo ndiyo kodi ya fremu moja. Anayetaka primu zaidi ya 80 alipie kila primu ya ziada. Usidai kodi ya miezi mbele, wiki moja moja inatosha, na wiki ya kwanza mpe bure aone kama wapitanjia wapo.

Skripti ya kisanduku changu ninayo bado, ukiitaka sema. Inahesabu vizuri, ila muda wa kodi unakwisha kwa saa za Second Life, ambazo ni saa za California, kwa hiyo wapangaji wa mabara mengine watakuamsha kuuliza kwa nini wamefungiwa saa wasiyoitarajia.