Daktari wa kifua ajue kazi yako

Juzi kijana wa Mererani, kwenye migodi ya tanzanaiti, kaniandikia: "Kaka, namaliza dawa za TB mara ya pili, kifua bado kinabana. Nifanyeje?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, maana hayo ni maisha yangu.

Nimechoronga miamba miaka 9, kavukavu, bila maji. Tulitoka shimoni weusi ti kwa kinywe, yale madini meusi kama ya penseli, mate yenyewe meusi. Nilijifunga kitambaa puani nikajiona nimejikinga, kumbe vumbi baya ni lile usiloliona, linapenya kitambaa kama hakipo.

Kituoni nilipewa dawa za TB mara mbili, jumla miezi 12, ilhali makohozi hayakuonyesha kitu. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Hilo bado linaniuma. Aliyeniuliza ni daktari wa tatu, mjini, kisha akanichorea nyuma ya bahasha ya eksirei. Ndani ya vifuko vya hewa, akasema, kuna seli za kinga ziitwazo makrofaji, kazi yake kumeza vijidudu na uchafu. Zikimeza chembe ya silika, lile vumbi la mwamba, haziwezi kuisaga. Inazipasua kwa ndani, zinakufa, chembe inabaki nzima, nyingine inakuja kuimeza, nayo inakufa. Kila mara zinapiga mbiu, na seli zinazotengeneza makovu zinaitika, zinafuma nyuzi ngumu za kolajeni kana kwamba kuna kidonda cha kuziba. Pafu linakakamaa. Ndiyo silikosisi, na kovu lake halifutiki. Hata ukiacha mgodi linaweza kuendelea kukua, kwa sababu chembe ziko mle mle.

Sasa nisikilizeni, wanaapolo, wachimbaji wenzangu. Mwambie daktari kazi yako kabla hajakuuliza, na miaka uliyokaa shimoni. Pima makohozi kweli, usikisie, kwani makrofaji hizo hizo ndizo zinazopambana na TB. Zikidhoofika, TB ya kweli inaingia kirahisi. Acha sigara. Mdai tajiri wa mgodi maji ya kuchorongea, vumbi lisiruke, acheni kuona aibu! Na nasema tena, taja kazi yako.

Wewe mdogo wangu, dawa ulizoanza usizikatize mwenyewe. Jumatatu nenda hospitali ya mkoa, na zile eksirei za zamani uende nazo zote, wazipange kwa tarehe waone kovu limetembea kiasi gani.